Darubini Tatu na Simu ya Yaya

Mwezi wa Juni 2018 dada yangu mkubwa, ambaye nyumbani sote tunamwita Yaya, alinipigia simu kutoka Johannesburg, alikokwenda kununua bidhaa za duka lake la Lubumbashi. Aliniambia kwamba amesimama mbele ya darubini tatu ambazo bei zake zinakaribiana, na kwamba basi la kurudi kupitia Zambia linaondoka alfajiri. Fedha zilikuwa za shule: wazazi walikuwa wamechanga, na prefe, yaani mkuu wa shule, alikuwa amenikabidhi mimi, mwalimu wa fizikia, kazi ya kuchagua. Kilichotuharakisha ni tarehe 27 Julai, usiku ambao Mwezi ungepatwa wote kwa dakika 103, muda mrefu kuliko kupatwa kwingine kokote kwa Mwezi katika karne hii, tena ukiwa juu angani kwetu.

Yaya alituma picha. Ya kwanza ilikuwa darubini nyembamba ya lenzi, yenye kipenyo cha milimita 60, na juu ya kasha lake paliandikwa kwa herufi kubwa kwamba inakuza mara 525. Mwenzangu wa kemia, tuliyekuwa naye katika chumba cha walimu, aliipenda papo hapo. Nilimweleza kwamba ukuzaji ni hesabu tu, yaani urefu wa fokasi wa darubini (umbali kutoka lenzi au kioo hadi mwanga unapokutana) ukigawanywa kwa ule wa lenzi ya kutazamia, ile ndogo unayowekea jicho, na kwamba kinachoamua utaona nini ni wingi wa mwanga unaoingia. Kwa kanuni iliyozoeleka, kila milimita ya kipenyo hustahimili ukuzaji wa mara mbili hivi, kwa hiyo milimita 60 hufika ukingoni kwenye mara 120. Ukizidisha hapo, picha huwa kubwa lakini yenye giza na ukungu. Hadi leo ile 525 hunikasirisha, kwa sababu anayedanganyika ni mtoto anayetazama kwa mara ya kwanza, akaona vumbi la mwanga linalotetemeka, akadhani anga halina kitu.

Ya pili ilikuwa ya kioo cha milimita 114, juu ya stendi yenye uzito wa kusawazisha na mhimili unaopaswa kuelekezwa kwenye ncha ya anga, mahali ambapo nyota zote huonekana kupazunguka. Ni chombo kizuri kwa anayeishi mahali pengine. Lubumbashi iko karibu nyuzi 12 kusini mwa ikweta, hivyo ncha ya kusini ya anga hukaa chini sana, nyuma ya miembe na kuta za majirani, na nyota iliyo karibu nayo, Sigma Octantis, ni hafifu kiasi kwamba mjini haionekani kwa macho. Sikutaka wanafunzi wamalize usiku wakihangaika na stendi.

Nilichagua ya tatu: kioo cha milimita 130, urefu wa fokasi milimita 650, juu ya kitako cha mbao kinachozunguka kushoto na kulia huku bomba likiinuka na kushuka, mtindo ulioenezwa na John Dobson huko San Francisco. Kioo hicho hukusanya mwanga zaidi ya mara nne ya ule wa lenzi ya milimita 60.

“Mdogo wangu, hii haina miguu,” Yaya alisema. “Utaisimamisha wapi?”

Nilimjibu kwamba tuna madawati imara, nikamsihi aipakate safari nzima. Aliipakata. Hata hivyo kioo kilikuwa kimehama kidogo njiani, nami nikakilinganisha upya kwa skrubu zake.

Julai kwetu haina mawingu. Ina moshi wa vichaka vinavyochomwa, lakini moshi huo huchafua zaidi anga la chini, nasi tulitazama juu. Kuanzia saa tatu na nusu usiku hadi saa tano na robo hivi, Mwezi ulikuwa na rangi ya shaba, nao wote ulienea ndani ya lenzi ya kutazamia yenye fokasi ya milimita 25, kwa ukuzaji wa mara 26 tu. Karibu nao iling'aa Mirihi, ambayo mwaka huo ilitusogelea hadi kilomita milioni 58 hivi. Wanafunzi walipouliza kwa nini haina alama yoyote, niliwaambia kwamba dhoruba ya vumbi ilikuwa imeifunika sayari nzima.

Kisha nikaweka lenzi ya milimita 10 na kuielekeza darubini kwenye Zohali. Pete ilionekana waziwazi, imetengana na sayari pande zote mbili. Mwenzangu wa kemia alitazama kwa muda mrefu, akauliza ni ukuzaji wa mara ngapi, akagawanya 650 kwa 10 mwenyewe, akampisha mwanafunzi aliyemfuata.