Maji Yakaisha Katika Kiriba

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii nimeomba kwa hasira, nisiwafiche. Yule mtoto tuliyemwombea pamoja, aliyerudishwa kwa bibi yake baada ya miezi ya kutafuta ndugu na kuzungumza nao, yuko mtaani tena. Nilimkuta Jumanne usiku kwenye kibaraza kile kile. Chupa ya gundi ameificha ndani ya mkono wa sweta lililomzidi, mdomo wa chupa tu unachungulia pale kwenye pindo, karibu na meno. Nikamuuliza bibi hajambo? "Bibi hana neno, Anti. Ni mjomba." Akavuta tena. Sikupata zaidi ya hapo.

Msiseme ni utundu. Mvuke wa gundi unaua njaa na baridi kwa muda, ndiyo maana wanaivuta, na ni mvuke huo huo unaoharibu ubongo na unaoweza kusimamisha moyo ghafla. Nilirudi nyumbani nikamwambia Mungu nimefika mwisho.

Somo la wiki lilikuwa Mwanzo 21, na nilitaka kuliruka. Tumezoea kulihubiri upande wa Isaka na ahadi. Safari hii mtazameni Ishmaeli, mwana wa Ibrahimu kwa Hajiri, mjakazi wa Sara. Mtoto anatolewa nyumbani kwa ugomvi wa wakubwa, wake wawili na urithi, na nyumba yenyewe ni ya baba wa imani. (Najua Mungu alimwambia Ibrahimu amsikilize Sara. Sibishani na hilo, namtazama mtoto.)

Wanaofanya kazi na watoto wa mtaani popote duniani watakwambia habari hiyo hiyo. Umaskini upo, vita vipo, magonjwa yaliyochukua wazazi yapo. Lakini maskini wengi wanalala na watoto wao ndani. Ukikaa na mtoto wa mtaani mpaka akuamini, mara nyingi chini ya ile njaa unakuta kipigo, au mzazi wa kambo asiyemtaka, au mlevi, au ndugu aliyemchukua "kumsaidia" akamfanya mtumishi wa nyumba.

Na Ibrahimu hakumtoa Hajiri mikono mitupu. Aliamka alfajiri akampa mkate na kiriba cha maji. Hapo ndipo neno lilinishika, maana hiyo ndiyo huduma yetu. Tunawapelekea mkate na kiriba. Mara moja kwa mwaka, sikukuu ikikaribia, tunabeba nguo na vyakula, tunaimba, tunaomba, tunapiga picha, tunaondoka. Maandiko yanasema maji yakaisha katika kiriba, na mama akamlaza mtoto chini ya kijiti, akaenda kuketi mbali asimwone akifa. Wapendwa, tumekaa mbali hivyo muda mrefu.

Kuhusu picha nitasema wazi, hata kama kuna atakayenuna. Thomas Barnardo wa London, aliyefungua nyumba ya wavulana mwaka 1870, alimkatalia mtoto mmoja usiku kwa sababu nafasi zimejaa. Mtoto akakutwa amekufa, na tangu hapo Barnardo akaapa hatamkatalia tena mtoto yeyote asiye na pa kwenda. Hiyo tunapenda kuisimulia. Tunaruka kwamba mwaka 1877 aliitwa mbele ya wasuluhishi, na mojawapo ya mambo yaliyomtia matatani ni picha zilizopangwa ili mtoto aonekane mchafu kabla na safi baada. Tena shirika lake lilipeleka maelfu ya watoto Kanada, wengine wazazi wao wakiwa hai. Alikuwa mtu wa Mungu na alikuwa na bidii. Bidii peke yake haikumwonyesha mtoto anataka nini. Ukitaka kumpiga picha mtoto aliyelala juu ya boksi, jiulize kama ungekubali mwanao apigwe hivyo, kisha rudisha simu mfukoni.

Sasa Mungu alifanyaje? Aliyepaza sauti akalia ni Hajiri, lakini imeandikwa Mungu akasikia sauti ya kijana, huko aliko. Hakungoja aoge, wala aache gundi kwanza. Hata Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto, katika mwongozo wake wa mwaka 2017 kuhusu watoto hawa, inasisitiza wasikilizwe, na inapinga misako ya kuwazoa barabarani. Kisha Mungu akamwambia mama, "Ondoka, ukamwinue kijana, ukamshike mkononi mwako." Ndipo akamfumbua macho akaona kisima. Kiriba hakikujazwa kimuujiza. Alipewa kisima, pamoja na mtu wa kumshika mtoto mkono na kubaki naye mpaka akue.

Kumshika mkono ni kazi ndefu na haina makofi. Ni kurudi wiki baada ya wiki bila mfuko wa zawadi, mpaka akutajie jina lake la kweli. Ni kutafuta jamaa, kuketi nao, kumrudisha, na kuendelea kutembelea nyumba ile wakati kila mtu amekwisha kushukuru na kusahau. Akikimbia tena, unaanza upya, na safari hii unaanza na mjomba. Ndiyo, na mjomba ana roho, naye ana kilichomvunja.

Kwa hiyo ndugu wanaochangisha fedha za kujenga kituo cha watoto, naomba tusubiri. Watoto wengi walio kwenye vituo vya yatima duniani wana mzazi aliye hai. Fedha hizo zinaweza kumshika bibi mkono asilemewe. Kituo kiwe cha yule asiye na pa kurudi kabisa.

Na kabla ya kwenda mtaani tuanzie sebuleni kwetu. Wako humu wanaolea mtoto wa marehemu dada, au mtoto aliyekuja na ndoa. Je, anakula na wengine? Ada yake inalipwa lini, na ya wako lini? Akivunja sahani, anapigwa sawa na nani? Mwiteni leo, muongee naye, na mumwache amalize sentensi. Kwa nyumba inayoona mambo yanaelekea kubaya, wazee wamekubali kuja kuketi nanyi, na hakuna jina litakalotajwa madhabahuni. Waiteni mapema, mtoto akiwa bado analala ndani.