Siku moja maishani mwangu: fundi wa dizeli, Chake Chake

Saa 1 asubuhi. Nakuta gari limeshaegeshwa mbele ya karakana. Ni gari la abiria la njia ya Konde, lori dogo lenye bodi ya mbao na mabenchi ubavuni. Dereva ananiamkia, kisha ananieleza: injini ilifunguliwa mbele katika karakana nyingine, ikafungwa, na tangu hapo gari halipandi kilima. Msimu huu wa karafuu anabeba watu na magunia, na Pemba si tambarare. Abiria wanateremka na kutembea kwa miguu hadi juu. Kuna wazee humo, na kina mama wenye watoto mgongoni. Hilo linaniuma.

Saa 2. Namwambia awashe. Starta inazunguka muda mrefu, injini inashika kwa shida, na nyuma unatoka moshi mweupe unaowasha macho. Harufu ni ya dizeli mbichi, kwa hiyo siyo maji yanayoingia kwenye silinda. Hata hivyo natazama kiwango cha maji, nabadilisha filta, natoa hewa kwenye njia ya mafuta na kupima nozo zote nne zinazonyunyiza mafuta. Taimingi, yaani mpangilio wa gia za mbele unaoamua mafuta yanyunyizwe lini, naishuku mwisho, maana kuifikia ni kubomoa mbele yote ya injini, na mwenye gari atalipia kazi hiyo.

Nozo ni nzima. Basi tunafungua.

Kijana ninayemfundisha ananiuliza moshi unahusiana vipi na gia. Namweleza huku tukitoa rejeta. Dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Pistoni inaibana hewa mpaka joto lake linapita nyuzi 500 za Selsiasi, na mafuta yanaponyunyizwa humo yanawaka yenyewe. Ila yanyunyizwe nyuzi chache za mzunguko wa krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, kabla pistoni haijafika juu, kwa sababu mafuta yanahitaji muda kidogo wa kushika moto. Yakichelewa, yanaikuta pistoni imeshaanza kushuka: nguvu inapotea, bomba la moshi linachemka, na mafuta yasiyoungua yanatoka meupe. Yakiwahi sana, injini inagonga kama nyundo, na beringi za krenki ndizo zinazoumia.

Saa 4. Kava limetoka, gia zote zinaonekana: ya krenki chini, ya kati, ya kemshafti inayofungua valvu, na ya pampu ya dizeli. Kazi niipendayo inaanzia hapa, na sitaki mtu anikimbize.

Kwanza tunaiweka pistoni namba moja juu kabisa, yaani topu. Kijana anazungusha krenki kwa spana mpaka alama ya puli iliyo mbele ya krenki inalingana, anasema tayari. Namwambia bado. Katika mzunguko mmoja wa kazi krenki inazunguka mara 2 na pistoni inafika juu mara 2, mara moja ikibana hewa na mara moja ikitoa moshi. Alama ya puli haiwezi kukwambia ni ipi kati ya hizo. Tazama valvu za silinda namba nne, ambayo pistoni yake hupanda pamoja na ya namba moja: zikiwa zinapishana, moja inafunga na nyingine inaanza kufungua, basi namba moja ndiyo inayobana. Anatikisa fimbo za valvu za namba moja, zote zimelegea. Sasa ni sawa.

Tunahesabu meno. Gia ya pampu imekosewa jino moja, upande wa kuchelewa. Jino moja linaonekana dogo, lakini gia hii ina meno 60, hivyo kila jino ni nyuzi 6 za pampu. Na kwa kuwa pampu inazunguka nusu ya mwendo wa krenki, hizo ni nyuzi 12 za krenki. Kwa injini ya dizeli hilo ni kosa kubwa mno.

Tunatoa gia ya kati, tunalinganisha alama zote, tunairudisha. Kisha tunazungusha krenki kwa mkono mara 2 kamili. Kijana anashtuka: alama za gia ya kati zimehama! Wengi hubomoa tena hapo bila sababu. Tuseme krenki ina meno 30 na gia ya kati 45. Mizunguko 2 ya krenki ni meno 60, kwa hiyo gia ya kati imezunguka mara moja na theluthi. Alama zote zitakutana tena baada ya mizunguko 6 ya krenki. Uhakika wako uko kwenye puli na valvu, na mkono wako usikie kuwa hakuna kinachogota ndani.

Adhuhuri tunaswali, tunakula muhogo na samaki wa kukaanga.

Saa 8 mchana. Gia zikishakaa bado kuna kulenga pampu yenyewe. Natoa boliti ya katikati kichwani mwa pampu na kufunga kipimo chenye uso wa saa, kinachosoma hadi sehemu moja ya mia ya milimita. Narudisha krenki nyuma mpaka mshale unatulia, naweka sifuri, kisha naileta mbele taratibu hadi topu na kusoma. Ukiipita alama, usirudi kidogo tu. Rudi mbali halafu uje tena kwa mbele, kwa sababu gia zina ulegevu na ulegevu huo utakudanganya. Nalegeza nati za pampu, naisogeza kidogo sana kinyume cha inavyozunguka ili mafuta yawahi, nabana, napima tena. Inafika kwenye kipimo cha kitabu cha injini hii. Nachora mstari wa rangi kwenye pampu na kwenye mwili wa injini, ili fundi mwingine akifungua ajue pa kurudi.

Saa 10. Tunatoa hewa, tunawasha. Inashika mara moja. Moshi mweupe unatoka kidogo, injini inapopata joto unakatika.

Saa 11. Tunatoka kwa majaribio barabara ya Wete, tumepakia mifuko ya mchanga. Kilima cha kwanza gari linapanda bila dereva kushuka gia mbili. Ananiambia, "Fundi, kesho napeleka watu sokoni." Namwambia aende, lakini arudi baada ya siku chache nipime nafasi za valvu na nibane nati za pampu tena injini ikiwa baridi.