Pac-Man iliyoandika BRDDHT: kumbukumbu ya kufufua bodi

Bodi hii ilinifikia na maelezo mafupi: inawaka, lakini inaandika ovyo. Ni bodi ya saketi ya Pac-Man, gemu ya mashine za sarafu ya Namco ya mwaka 1980, na hii yangu ni ya Midway, waliolitengeneza toleo la Marekani. Kabati halikuja nayo, wala kioo, wala kile kidude cha kumezea sarafu. Kwa fundi wa mezani hilo si hasara hata kidogo. Kioo cha mashine za zamani kina maelfu ya volti ndani yake, ilhali chipu nyingi za bodi zinakula volti 5 tu.

Kabla ya kuwasha

Nilipiga brashi kuondoa vumbi, nikafuta kingo ya mawasiliano kwa spiriti, nikaangalia kama kuna kilichoungua. Hakuna. Kingo yake ni ya miguu 44, kwa sababu bodi imeitangulia JAMMA, ule utaratibu wa mwaka 1985 ulioleta kiunganishi cha pamoja cha miguu 56. Vifaa vyangu vya majaribio ni vya JAMMA, kwa hiyo nikapitia kwenye adapta.

Volti nimezipima juu ya chipu yenyewe, sio kwenye pawasaplai. Viunganishi vya zamani hula umeme njiani, na chipu za familia ya 74LS zinataka kati ya 4.75 na 5.25. Mita ilisoma 5.02. Sawa.

Kusoma uchafu wa skrini

Gemu ikawaka na kuendelea bila kujizima na kujiwasha. Hiyo peke yake ni habari njema, maana bodi ina saketi ya ulinzi inayoianzisha prosesa upya kila programu inapokwama. Yaani Z80, prosesa yenyewe, ilikuwa hai na inafanya kazi yake. Tatizo lilikuwa kwenye picha. Kuta za mzingile zilikatikakatika, juu palipaswa kuwa na HIGH SCORE pakaandikwa HHFH RBNRD, na chini kwenye CREDIT pakasomeka BRDDHT. Mzimu Blinky alikuwa BLHNJX, Clyde akawa BLXDD. Herufi A haikuonekana mahali popote.

Hapa ndipo wengi hushika chuma cha kulehemu. Ushauri unaozunguka ni kwamba herufi zikivurugika ubadilishe RAM (chipu za kumbukumbu) zote za aina ya 2114, na ukimaliza ndipo ufikirie. Siupendi. 2114 hufa kweli, tena sana, lakini kung'oa chipu sita zilizolehemiwa kwenye bodi yenye miaka zaidi ya 40 ni njia nzuri ya kuongeza ubovu wa pili juu ya ule wa kwanza.

Nilichukua karatasi. Kwenye gemu hii kila herufi ina namba, na namba zenyewe ni zilezile za ASCII, orodha ya kawaida ya namba za herufi kwenye kompyuta: A ni 65, B 66, C 67, kuendelea. Sasa tazama CREDIT. C ni 67, imekuwa B, 66. R ni 82, imebaki R. E, 69, imekuwa D, 68. D ni 68, imebaki. I, 73, imekuwa H, 72. T, 84, imebaki. Kila namba witiri imeshuka kwa moja, kila namba shufwa imekaa palepale. A nayo, 65, inashuka hadi 64, na 64 kwenye Pac-Man ni nafasi tupu. Ndiyo maana ilitoweka!

Skrini hujengwa kwa vigae, yaani vipande vidogo vya picha kama herufi au kipande cha ukuta. Basi biti ndogo kuliko zote kwenye namba ya kila kigae, ile inayoifanya namba iwe witiri au shufwa, ilikuwa imeganda kwenye sifuri. Hata vile vidoti vya kuliwa vikathibitisha: kidoti ni kigae namba 16, kile kikubwa cha nguvu ni 20, zote shufwa, na vyote vilichorwa vizuri katikati ya kuta zilizobomoka.

Gemu inajitetea

Nikaifungulia swichi ya majaribio. Pac-Man hujipima yenyewe, RAM pamoja na chipu nne za programu za kilobaiti 4 kila moja, na ikikuta kasoro inaitaja. Ikajibu LDLNRX NJ. Nilicheka peke yangu, kwa sababu hiyo ni MEMORY OK iliyopita kwenye kinywa kibovu.

Jibu hilo liliwaondolea RAM lawama. Z80 iliandika ndani yake, ikasoma, ikapata ilichoandika. Kisichopimwa ni chipu za michoro, kwa kuwa prosesa haina njia ya kuzisoma. Husomwa na saketi ya picha tu. Ziko mbili: 5E ina vigae vya herufi na kuta, 5F ina vitu vinavyotembea. Mizimu na Pac-Man mwenyewe walikuwa safi kabisa, hivyo macho yakabaki kwa 5E na soketi yake.

Mguu gani? Kigae kina nukta 8 kwa 8, kila nukta biti 2, jumla baiti 16. Njia za anwani ni waya zinazoiambia chipu isome wapi, na nne za kwanza, A0 hadi A3, huchagua baiti ndani ya kigae. A4 ndiyo biti ndogo ya namba ya kigae. Kwenye chipu hii ya miguu 24, A4 iko mguu wa 4.

Niligusa njia ya A4 upande wa chini wa bodi kwa probu ya lojiki, kalamu yenye taa zinazoonyesha kama umeme uko juu, uko chini au unapiga: mapigo tele. Nikagusa mguu wa 4 wa chipu yenyewe, juu: kimya, hakuna taa ya juu wala ya chini. Na pale ncha ilipogusa mguu, herufi zote kwenye skrini zikatetemeka, BRDDHT ikawa CREDIT kwa sekunde moja hivi kisha ikarudi. Mguu ulikuwa unaning'inia hewani, bila waya, ndani ya soketi.

Kuing'oa soketi

Chipu ilitoka kwa urahisi. Miguu yake ilikuwa myeusi, kama inavyokuwa fedha iliyokaa sana, na raba ya penseli iliisafisha. Kwa lenzi nikaona kibati cha tundu la 4 kimelala ubavuni, hakigusi chochote.

Soketi sikuivuta nzima. Niliikata plastiki vipande kwa koleo, nikabaki na miguu mitupu, nikaitoa mmojammoja. Kila shimo nilitia kwanza risasi mpya kidogo, maana ya zamani ni ngumu kuyeyuka, ndipo nikainyonya kwa bomba. Shimo lililounganishwa na bati pana la ardhi lilinisumbua kuliko mengine yote, linakunywa joto tu. Duara la shaba likibanduka hapo, utaanza kuvuta waya za kiraka, kwa hiyo sikuliharakisha. Soketi mpya ni ya matundu ya mviringo, inayobana mguu pande zote.

Kuwasha: CREDIT, HIGH SCORE, kuta nzima. Gemu imechezwa jioni nzima na bodi ikapata moto bila herufi kubadilika.

Soketi ya 5F ni ya aina ileile na nitaibadilisha kabla haijaleta fujo. Za programu naziacha kwa sasa, zinabana vizuri. Kinachofuata ni sauti: inakwaruza nikizungusha kitufe cha ukubwa wa sauti, na nina hakika ni potenshomita, kile kidude kilicho chini ya kitufe, iliyochakaa.