Datsun 240Z ilivyoacha kutetemeka: shida ilikuwa nati

Hatimaye imetulia, naandika ili mwenzangu asihangaike. Usukani wa 240Z yangu ya 1972 ulikuwa unatetemeka ikifika kilomita 80 kwa saa. Nilibalansi matairi mara mbili, nikabadilisha bushi. Wapi!

Nikavua gurudumu, nikasugua rimu upande wa ndani kwa brashi na sabuni. Yakajitokeza maandishi 14x6J (kipenyo inchi 14, upana inchi 6) na JWL, alama ya Kijapani ya rimu za aloi. Kumbe ni rimu ya aloi, wakati za kiwandani zilikuwa za chuma, tena nyembamba zaidi. Nikachungulia matundu ya nati. Yamenyooka! Yanataka nati yenye shingo (sehemu iliyonyooka inayoingia tunduni) na washa bapa. Zilizofungwa zilikuwa za koni, za rimu za chuma, zinagusa ukingo tu, kwa hiyo gurudumu halikai sawa katikati. Nikanunua za shingo, uzi wa milimita 12 kwa 1.25, nikakaza kwa mshazari. Jana nimefika 100, usukani umetulia tuli.