Siku moja maishani mwangu: seva tatu hai na moja maiti

Saa 1:30 asubuhi. Nimefika ofisini Posta kabla jua halijakolea. Chai baadaye, kwanza naandika repadmin /replsummary, amri inayoonyesha kama seva zinapeana habari. Tuna seva nne za Active Directory, mfumo wa Microsoft unaotunza akaunti za wafanyakazi, na kila seva ina nakala yake: mbili hapa Dar, moja Mwanza, moja Mbeya. Tatu salama. Ya Mbeya inaonyesha zaidi ya siku 60 bila kuwasiliana. Iliungua mwaka jana, na macho yameshaizoea.

Saa 3:10. Utumishi wameleta jina la mhasibu mpya wa Mwanza. Namfungulia akaunti kwenye seva ya hapa. Baada ya sekunde kama 15, seva jirani imeshapata habari.

Saa 3:25. Simu ya mhasibu yule. "Kaka, kompyuta inanikataa." Nilisahau: kati ya matawi, seva hukutana kila baada ya dakika 180. Mfumo ulikuja hivyo na hakuna aliyeugusa.

"Basi itume upesi," anasema bosi. Hapo ndipo wengi hukosea. Dar haitumi, Mwanza ndiyo huja kuchota. Kila seva ina hesabu yake ya mabadiliko, na Mwanza inakumbuka iliishia namba gani kwa Dar. Kama iliishia 48,210, inauliza tu: baada ya hapo kuna nini? Inapewa hayo, si daftari zima. Bila hivyo laini yetu ya mtandao ya Mwanza ingeshakata roho. Naiamuru seva ya Mwanza ichote sasa hivi. Dakika moja, dada ameingia.

Saa 7. Wali maharage.

Saa 8:15. Mwenzangu wa Mbeya: "Mkuu, ile seva imepona, naichomeka." Weee! Nikamwambia asiguse waya wa mtandao. Akaunti ikifutwa, huachwa alama yake kama kaburi, ili seva nyingine zipate taarifa ya msiba. Kwetu kaburi hukaa siku 180, kisha nalo hutoweka. Seva ile imekaa nje kuliko muda huo, haikusikia msiba hata mmoja. Kwake wote wangali wazima, hata yule keshia aliyeondoka kwa ugomvi, na ikiunganishwa inaweza kuwafufua. Tumekubaliana aifute kabisa, asimike upya, nami niondoe jina lake la zamani huku. Kanuna, alikesha akiitengeneza.

Saa 10:40. Nimeshusha ratiba ya Mwanza hadi dakika 15; chini ya hapo mfumo haukubali. Bosi kauliza kwa nini sikufanya hivyo zamani. Nimemjibu laini ilikuwa mbovu, ambayo ni nusu ya ukweli.