Siku nzima na namba 4,294,967,297

Saa 11:30 alfajiri. Chai haijachemka, nami nimeshaiandika daftarini: 4,294,967,297. Chukua 2 kwa kipeo cha 32, ongeza 1, umeipata. Leo naipeleka darasa la saba.

Namba hii ina ukoo wake: 2 kwa kipeo cha 1, 2, 4, 8, 16, 32 na kuendelea, kipeo kikiongezeka maradufu, kisha unaongeza 1. Mwanahisabati Mfaransa Fermat aliamini namba zote za ukoo huu ni tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Tano za mwanzo ni tasa kweli: 3, 5, 17, 257 na 65,537. Hii ndiyo ya sita.

Saa 2:40 asubuhi. "Shikamoo mwalimu!" Marahaba, kaeni. Naiandika ubaoni tuone kama ni tasa, nao wanaianza. Kwa 2 haigawanyiki, ni witiri. Kwa 3 wanajumlisha tarakimu, wanapata 59, hapana. Kwa 5 nayo hapana, inaishia na 7. Kijana wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, tutajaribu mpaka lini?"

Nililisubiri swali hilo tangu alfajiri. Ukizifuata namba tasa moja moja mpaka kwenye kipeuo cha pili cha namba hii, utajaribu 6,542. Mwaka 1732 mwanahisabati Mswisi Euler, akiwa St. Petersburg na umri wa miaka 25, alikipata kigawo chake, na baadaye akathibitisha njia ya mkato: kigawo tasa chochote cha namba hii, ukikigawanya kwa 64, lazima ibaki 1. Namba tasa za namna hiyo, ukianzia chini, ni 193, 257, 449, 577, 641. Nikagawa darasa makundi matano, kila kundi na namba yake.

Kundi la 193 likapata baki 109. La 257 likapata baki 2, wakasikitika, maana walikosa padogo sana. 449 ikaacha 325, 577 ikaacha 288.

Kundi la 641 likatangaza jibu: 67,417. Nikawaambia wazidishe warudi. Wakapata milioni 43 tu. Kosa ni lile ninalolipigia kelele kila mwaka: ukishusha 6 ikawa 26, 641 haiingii, andika sifuri, ukishusha 7 ikawa 267, bado haiingii, andika sifuri nyingine. Wakafuta, wakaanza upya. Binti aliyeshika chaki akafika mwisho, akashusha 7 ya mwisho, ikawa 4,487. Mara saba 641 ni 4,487. Akatoa. Sifuri.

641 × 6,700,417. Darasa zima likapiga makofi, na mimi nikapiga.

Saa 8 mchana, ofisini, nasahihisha madaftari. Pembeni naandika kitu nisichochoka kukitazama: 641 ni 5 × 128 + 1, na papo hapo ni 625 + 16. Kutokana na sura hizo mbili unaweza kuthibitisha kwamba 641 inaigawa namba yetu, bila kugawanya hata mara moja.

Saa 3 usiku. Ya saba katika ukoo ina tarakimu 20: 18,446,744,073,709,551,617. Kigawo chake 274,177 alikitangaza Mfaransa Landry mwaka 1880. Kwa hii, sheria ya Euler inataka 128 badala ya 64. Nimegawanya 274,177 kwa 128 kwa mkono, taratibu. Imebaki 1.