"vite: not found" kwenye seva: jinsi nilivyotatua

Kwa yeyote anayehangaika na hili: seva haiipati Vite, zana ya kujengea tovuti. Kwenye laptopu `npm run build` (amri ya kujenga tovuti kupitia npm, kisimamizi cha vifurushi vya JavaScript) ilimaliza bila shida, lakini kwenye seva ya Ubuntu ilikatika papo hapo:

`sh: 1: vite: not found`

Na `npm ci`, inayosakinisha vifurushi vya mradi, ilikuwa imepita salama, hakuna hata mstari mwekundu.

Nilifuta `node_modules` nikasakinisha upya, nikasafisha kache, wapi. Nikasakinisha Vite kwa `-g` (kwa seva nzima, si ndani ya mradi): amri ikapatikana, ila ikagoma kusoma faili ya mipangilio `vite.config.js` kwa sababu vifurushi vinavyoitwa mle havikuwepo. Njia hiyo iacheni.

Kilichonifungua macho ni mstari wa mwisho wa `npm ci`, ule unaotaja idadi ya vifurushi vilivyoongezwa. Laptopu ilitaja mamia, seva makumi tu. Nikaandika `echo $NODE_ENV` ili kuona kigezo kinachotaja mazingira ya kazi, ikajibu `production`. Thamani hiyo ikiwepo, npm huruka kimyakimya kila kilichoorodheshwa chini ya `devDependencies` (vifurushi vya kutengenezea tu), na Vite kwa kawaida huwekwa huko. Ukitaka uhakika, `npm config get omit` itakujibu `dev`.

Basi, kwa mpangilio huu:

`npm ci --include=dev`
`npm run build`
`npm prune --omit=dev`

Folda ya `dist`, yenye tovuti iliyojengwa, ikishakuwa tayari, amri ya tatu huondoa vifaa vya kujengea. `NODE_ENV` yenyewe sikuigusa, maana Express, programu inayoendesha seva yangu, huitegemea tovuti ikiwa hewani. Tovuti sasa inafunguka na CSS yake yote.